UCHAMBUZI: Uvumi wa 2027 hauanzii kwenye simu, unaanzia kichwani mwako

Panda matatu Free Area ukielekea mjini Nakuru asubuhi yoyote siku hizi, na kabla hujashuka utakuwa umesikia kampeni. Makanga ana yake, abiria wa kiti cha nyuma ana yake, redio nayo ina yake. "Wantam!" anasema mmoja. "Tutam!" anajibu mwingine. Watu wanacheka, gari linaenda. Ilhali debe lenyewe ni Agosti 10, 2027.

Mzaha ni mzaha, na hakuna ubaya mtu akichagua upande wake. Lakini hebu jiulize swali moja kabla ya kuendelea kusoma. Kuna jambo gani baya unalolijua kuhusu mwanasiasa usiyempenda, au kuhusu jamii ambayo si yako? Umelipata? Sasa jibu haya: Ulilijulia wapi? Nani alikwambia? Huyo aliyekwambia alikuwepo?

Ikiwa jibu lako ni "nilisikia mahali" au "si kila mtu anajua", basi makala haya ni yako. Huna tatizo lolote la akili. Wewe ni binadamu wa kawaida, na wanaotunga uvumi wanajua hivyo.

Kwa zaidi ya miaka 90, wanasaikolojia wamekuwa wakifanya majaribio kuhusu jinsi watu wanavyoona, wanavyokumbuka na wanavyoshika maneno. Mengi yalifanyiwa vyuoni, kwa picha, orodha za sentensi na hadithi fupi. Ukiyasoma ukiwa Nakuru, hayaonekani kuwa mambo ya darasani. Yanafanana na grupu lako la WhatsApp.

Kwa nini Nakuru ina sababu ya kuogopa

Kaunti hii haihitaji kufundishwa maana ya uvumi. Molo na Olenguruone ziliwaka mwaka wa 1992. Njoro iliwaka Januari 1998, wiki chache tu baada ya uchaguzi wa Desemba 1997. Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 27, 2007. Mwisho wa Januari 2008 mji wa Nakuru na wa Naivasha ulikuwa moshi, na uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukageuka kuwa kambi ya waliofukuzwa makwao. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote. Mamia ya maelfu walihama.

Tume hiyo haikuzungumzia mapanga na bunduki pekee. Ilitaja pia maneno: vijikaratasi vya vitisho, matangazo ya baadhi ya redio na ujumbe mfupi wa simu uliopitishwa kutoka mkono hadi mkono. Hofu ilikuwa kubwa kiasi kwamba serikali ilifikiria kuzima huduma ya ujumbe mfupi. Safaricom ilipendekeza ijaribu kinyume chake, na badala ya kuzima ikawatumia wateja wake ujumbe wa amani.

Hiyo ilikuwa 2008. Ujumbe mmoja ulikuwa na herufi 160 na ulilipiwa. Leo una bando, una TikTok, na kuna programu zinazoweza kuigiza sauti ya mtu ukadhani ni yeye. Mwendo umeongezeka, lakini ubongo unaopokea ni ule ule.

Kuna jambo jingine. Atakayefikisha miaka 18 siku ya kupiga kura mwaka wa 2027 alizaliwa 2009. Hakuwepo kabisa. Hata wewe wa miaka 22 au 23 ulikuwa mtoto mdogo. Kila unachokijua kuhusu Januari 2008 uliambiwa. Shikilia hilo, tutalirudia.

Sikio likizoea, moyo huamini

Tuanze na jaribio la mwaka wa 1977. Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo orodha ya kauli kuhusu mambo ya kawaida. Nyingine zilikuwa kweli, nyingine uongo, na zote zilisikika kama kitu kinachowezekana. Kazi ya wanafunzi ilikuwa kusema ni kwa kiasi gani kila kauli ni ya kweli. Walirudi baada ya wiki mbili, kisha baada ya wiki mbili nyingine. Katika kila kikao, kauli 20 zilikuwa zile zile za awali, zilizochanganywa na mpya.

Matokeo? Kauli zilizorudiwa zilizidi kuaminika kila kikao, ziwe za kweli au za uongo. Hakuna aliyetoa ushahidi wala kubishana na mtu. Kurudia tu kulitosha.

Utasema: sawa, hao hawakujua jibu. Mimi nikijua ukweli, siwezi kudanganyika kwa kurudiwa. Pole. Mwaka wa 2015 Lisa Fazio na wenzake walijaribu hilo hasa. Mojawapo ya kauli walizotumia ilidai kwamba sari ndiyo ile sketi fupi yenye marinda wanayovaa wanaume wa Scotland. Watu wanajua ile inaitwa kilt. Lakini waliposomewa kauli za aina hii zaidi ya mara moja, hata waliokuwa na jibu sahihi kichwani walianza kuzipa alama za juu zaidi za ukweli. Jibu walikuwa nalo, ila hawakulitafuta.

Sababu yake ni rahisi. Ubongo unapokutana na jambo ambalo umeshalisikia, unalichakata haraka, bila jasho. Wepesi huo tunausoma kama ishara ya ukweli. Mara nyingi ishara hiyo hutufaa, kwa sababu maishani mambo ya kweli ndiyo tunayoyasikia mara nyingi. Jua linachomoza mashariki, umeambiwa mara elfu, na ni kweli. Lakini anayejua mlango huo uko wazi anaweza kuutumia. Si lazima akushawishi. Anahitaji tu akaunti 30, video ile ile na subira.

Mwaka wa 2022, mtafiti Odanga Madung wa wakfu wa Mozilla aliripoti kwamba alipata zaidi ya video 130 za kisiasa kwenye TikTok nchini Kenya, kutoka akaunti 33, zilizobeba chuki, uchochezi au habari za kupotosha. Zilikuwa zimetazamwa zaidi ya mara milioni 4. Sasa soma takwimu hiyo ukikumbuka jaribio la 1977. Si lazima uwe umeziamini video hizo. Inatosha kwamba zilipita mbele ya macho yako.

Na maneno yenyewe yanavyopangwa yana nguvu yake. Mwaka wa 2000, Matthew McGlone na Jessica Tofighbakhsh waliwapa watu misemo ya Kiingereza ambayo wengi wao hawakuwa wameisikia. Baadhi ilikuwa na vina, na baadhi ilikuwa misemo ile ile iliyobadilishwa neno moja ili vina vipotee. Maana haikubadilika, lakini yenye vina ilionekana kuwa sahihi zaidi. Sisi tuliolelewa kwa methali na nyimbo tusicheke. Kaulimbiu ya kisiasa ikiwa fupi na tamu mdomoni, tunaishika upesi, kisha tunachukulia kwamba tumeielewa. Wantam na Tutam zote zimepita mtihani huo. Ila hakuna kati ya hizo mbili inayokwambia lolote kuhusu bei ya unga au kazi yako.

Kuna habari njema kidogo. Gordon Pennycook, Tyrone Cannon na David Rand walionyesha mwaka wa 2018 kwamba kuona kichwa cha habari ya uongo mara moja tu kunatosha kukipandisha alama ya kuaminika. Lakini upuuzi wa wazi, kama kusema dunia ni mraba kamili, haukupanda hata uliporudiwa. Kwa hivyo uvumi hatari ni ule unaofanana na kitu kinachoweza kutokea. Nakuru, kwa historia yake, ni mahali ambapo mambo mengi mabaya yanaonekana kuweza kutokea.

Wembe uliohama mkono

Uvumi haurudiwi tu, unabadilika njiani. Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge alichapisha kitabu mwaka wa 1932 akieleza jinsi alivyowapa watu hadithi ngeni, wakaisimulia tena baadaye, au mmoja akampa mwenzake, naye akampa mwingine. Kila hatua hadithi ilifupishwa. Mambo yasiyoeleweka yalitoweka. Yaliyobaki yalinyooshwa hadi yakalingana na kile msimulizi alichokizoea kwao. Hitimisho la Bartlett ni kwamba kukumbuka si kama kufungua faili. Ni kama kujenga nyumba upya kila unapoulizwa, kwa mawe yaliyobaki na mengine unayookota njiani.

Kisha Gordon Allport na Leo Postman, kwenye kitabu chao cha 1947 kuhusu uvumi, walifanya jaribio ambalo kila msimamizi wa grupu angepaswa kulijua. Mtu mmoja aliangalia picha akaieleza kwa wa pili, ambaye hakuiona. Wa pili akamweleza wa tatu, na kuendelea. Baada ya midomo mitano au sita, karibu asilimia 70 ya mambo ya mwanzo yalikuwa yamepotea.

Lakini jambo zito liko kwenye picha moja. Ilionyesha watu ndani ya treni ya mjini. Wanaume wawili walikuwa wamesimama, mmoja Mweusi na mmoja Mzungu, kama wanaobishana. Wembe ulikuwa mkononi mwa Mzungu. Katika zaidi ya nusu ya misururu ya wasimulizi Wazungu, kuna mahali wembe ulihama. Ukaishia mkononi mwa mtu Mweusi.

Huenda hakuna aliyekusudia kudanganya. Kila mmoja alijaza pengo kwa kile alichokuwa tayari anakiamini kuhusu "wale watu".

Sasa hamisha picha hiyo hadi Kuresoi au Njoro. Mzozo wa shamba, watu wawili, panga moja. Habari inatoka kijijini kwa simu, inafika kwa binamu aliyeko Kaptembwo, inapita kwa mwenye duka, inaingia kwenye grupu la mtaa, inafika kwako Lanet. Midomo mitano au sita, ile ile ya Allport na Postman. Panga liko mkononi mwa nani kufikia sasa? Unajua jibu. Liko mkononi mwa yule ambaye kila msimulizi alidhani lazima ndiye.

Neno moja hubadilisha ulichokiona

Pengine utasema wewe huamini tetesi, unaamini tu aliyeshuhudia. Hilo ni bora, lakini nalo lina mipaka yake.

Mwaka wa 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na kasi gani. Tofauti ilikuwa kitenzi kimoja tu. Waliosikia swali lenye neno la kupondana walikadiria wastani wa maili 40.5 kwa saa. Waliosikia neno la kugusana walikadiria maili 31.8. Filamu zilikuwa zile zile.

Katika jaribio la pili, wanafunzi waliitwa tena baada ya wiki moja, wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwepo. Kati ya 50 walioulizwa kwa neno la kupondana, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 walioulizwa kwa neno la kawaida la kugongana, ni 7 tu. Neno liliingia kwenye kumbukumbu na kuongeza vioo.

Unaposoma "wamevamiwa" badala ya "wamezozana", au "kundi" badala ya "vijana wanne", umeshaongezewa vioo. Wiki ijayo utaapa uliviona.

Hii ni kazi kwetu sisi waandishi pia, na kwa yeyote mwenye ukurasa wenye wafuasi. Kichwa cha habari kilichotiwa chumvi hakifutwi na aya ya tano iliyotulia.

Ile 2008 uliyorithi

Turudi kwa kijana aliyezaliwa 2009, na kwa wewe uliyekuwa na miaka mitatu. Watu wazima wengi hawakumbuki karibu lolote la kabla ya umri wa miaka mitatu au mitatu na nusu. Kwa hivyo picha uliyonayo ya usiku ule, ya moshi, ya kukimbia, huenda imejengwa kutokana na simulizi za nyumbani na vipindi vya runinga. Loftus na Jacqueline Pickrell walionyesha mwaka wa 1995 jinsi hilo linavyowezekana. Waliwapa watu wazima 24 visa vinne vya utotoni mwao, vitatu vya kweli kutoka kwa jamaa zao, na kimoja cha kubuni kuhusu kupotea dukani. Karibu robo yao walikubali, kikamilifu au kwa sehemu, kwamba kisa kile cha kubuni kiliwatokea.

Na wazazi? Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwauliza wanafunzi wa Marekani jinsi walivyopata habari ya kulipuka kwa chombo cha angani Challenger, Januari 1986. Waliandika majibu asubuhi iliyofuata. Karibu miaka mitatu baadaye, 44 kati yao waliulizwa tena. Kumi na mmoja walikosea kila kitu: mahali, saa, aliyewaambia. Watatu tu ndio waliopata yote. Wengi wa waliokosea walikuwa na uhakika mkubwa. Kwa maneno mengine, uhakika si ushahidi.

Tuelewane vizuri hapa. Hii haimaanishi mama yako anadanganya, wala kwamba 2008 ni hadithi. Watu waliuawa, nyumba ziliteketezwa, ripoti zipo, makaburi yapo. Kinachoweza kuhama ni vipande vidogo: nani alisimama wapi, nani alisema nini, jirani yupi alifungua mlango na yupi aliufunga. Na kwa bahati mbaya, vipande hivyo vidogo ndivyo wanasiasa huvitafuta wanapotaka kukuambia "unakumbuka walichotufanyia?"

Wewe hukumbuki. Uliambiwa. Kuheshimu uchungu wa wazee wako ni jambo moja, na kuubeba kama silaha dhidi ya kijana mwenzako ambaye naye hakuwepo ni jambo jingine kabisa.

Je, majaribio ya Wamarekani yanatuhusu?

Swali hili ni la haki, na wanasayansi wenyewe wamejiuliza. Mengi ya majaribio haya yalitumia wanafunzi wa vyuo vya nchi tajiri. Na tunajua kwamba malezi na mazingira hubadilisha hata kile jicho linaona. Mwaka wa 1966 Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits walichapisha utafiti uliohusisha jamii nyingi, zikiwemo za Ankole na Toro nchini Uganda. Waliwaonyesha watu mistari miwili yenye urefu sawa, mmoja ukiwa na ncha za mshale zinazoingia ndani na mwingine zinazotoka nje. Wamarekani walidanganyika sana wakadhani mmoja ni mrefu zaidi. Jamii nyingi nje ya nchi za Magharibi zilidanganyika kidogo zaidi. Kwa hivyo si kila matokeo ya Marekani yanasafiri hadi Nakuru bila kubadilika.

Ndiyo maana utafiti mmoja wa karibuni una uzito kwetu. Molly Offer-Westort, Leah Rosenzweig na Susan Athey walifanya jaribio kupitia Facebook Messenger na watumiaji 7,498 wa Kenya na 7,794 wa Nigeria, likachapishwa 2024. Walitaka kujua ni nini kinachoweza kumfanya mtu asisambaze uongo kuhusu Covid-19, bila kumzuia kusambaza habari za kweli.

Vibandiko vya onyo ambavyo mitandao hupenda kuweka havikubadilisha kitu. Kupendekeza makala nyingine kando, vilevile sifuri. Kilichosaidia ni kumfanya mtu asimame na kufikiria kama habari ni sahihi. Hatua hiyo ilipunguza nia ya kusambaza uongo kwa asilimia 4.9.

Asilimia 4.9 si muujiza, na anayekuuzia muujiza mkimbie. Lakini fikiria mnyororo. Uvumi unahitaji kila pete. Katika grupu la watu 200, ukipunguza kidogo kila mkono unaopitisha, unapunguza sana kinachofika mwisho.

Kukanusha peke yake hakutoshi

Kuna jambo moja zaidi ambalo wengi wetu hulikosea. Uvumi ukitokea, tunakimbia kusema "si kweli!" na kudhani tumemaliza. Mwaka wa 1994, Hollyn Johnson na Colleen Seifert waliwasomesha watu ripoti ya moto kwenye ghala. Mwanzoni waliambiwa kulikuwa na kabati lenye makopo ya rangi na mitungi ya gesi. Baadaye wakaambiwa kabati lilikuwa tupu. Walikumbuka marekebisho hayo vizuri. Lakini walipoulizwa kwa nini moto ulikuwa mkali au kwa nini moshi ulikuwa mzito, bado walirudi kwenye rangi na gesi. Akili haipendi shimo, na ukiondoa sababu bila kuweka nyingine, inarudia ile ya zamani. Walipopewa sababu nyingine ya moto, mtego ulipungua.

Kwa hivyo ukitaka kuua uvumi kwamba "basi limechomwa na watu fulani Gilgil", usiandike tu "si kweli basi halikuchomwa na watu fulani." Umeurudia, na umeacha shimo. Andika kilichotokea: basi lilishika moto lenyewe, abiria walitoka, polisi wa trafiki walifika. Ukweli kwanza, kwa sentensi fupi inayoshikika.

Na sheria je? Tunayo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018, na Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini marekebisho yake. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha baadhi ya vipengele baada ya walalamishi kusema vinatishia uhuru wa kujieleza. Mvutano huo utaendelea, na vijana wana haki ya kuufuatilia kwa makini, kwa sababu mwenye mamlaka naye anaweza kuita "uvumi" kile asichotaka kisemwe. Lakini hata sheria nzuri kabisa hufika baada ya tukio. Kidole chako hufika kabla.

Basi ufanye nini?

Mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji bando.

Kwanza, tenganisha "nimezoea kusikia" na "najua". Ukihisi jambo ni kweli kwa sababu tu liko kila mahali, hiyo hisia yenyewe ndiyo ishara ya kusimama.

Pili, uliza midomo mingapi. Ukiona WhatsApp inakuonyesha kwamba ujumbe umepitishwa mara nyingi, usiuchukue kama cheti. Uchukue kama hesabu ya mikono iliyougusa, na ukumbuke ile asilimia 70.

Tatu, badilisha kabila kichwani. Soma habari ile ile ukiweka jamii yako mahali pa mshukiwa. Ikiwa ghafla unaanza kutaka ushahidi, basi ulikuwa unauhitaji tangu mwanzo.

Nne, kama unasimamia grupu, weka swali moja la kudumu: "Nani aliona kwa macho yake, na wapi?" Usimtukane aliyeleta. Muulize tu. Mtu akijua ataulizwa, atafikiria kabla ya kufowadi, na hilo ndilo lililofanya kazi kwenye lile jaribio la Wakenya.

Tano, andika. Ukishuhudia jambo zito, liandike siku hiyo hiyo, na saa, kabla hujapiga stori na mtu yeyote. Wanafunzi wa Neisser walikosea miaka mitatu baadaye, lakini karatasi yao ya asubuhi ile haikubadilika. Januari 2008, wakati nchi ilikuwa inaungua, Wakenya walianzisha Ushahidi, jukwaa la kukusanya taarifa za matukio kwenye ramani zikiwa bado mbichi. Jina lenyewe linatosha kukukumbusha.

Siku ya kura itafika, na matokeo yatatangazwa. Katikati kutakuwa na usiku ambapo simu yako haitanyamaza, na mtu atakutumia kitu kibaya kuhusu majirani zako wa Bondeni, wa Ronda au wa Njoro. Kitasikika kama jambo ulilolijua siku zote. Usiku huo, ulizia kwanza: nani aliona?